Miezi sita na huduma ya kuondoa tope la majitaka

Jengo letu la ghorofa jijini Dar es Salaam lina mtambo mdogo wa kusafisha majitaka kwa bakteria, na kwa miezi sita tumemlipa mkandarasi, ambaye sitamtaja, auhudumie na kuondoa tope linalozidi. Gari lake la kunyonya halijawahi kuchelewa, na mafundi wake huvaa glavu na kuosha sakafu kabla ya kuondoka. Kasoro ni kwamba walikuwa wakinyonya kwa kufuata kalenda, bila kuangalia hali ya tope lenyewe.

Mwezi wa tatu walinyonya karibu tope lote, ambamo ndimo bakteria wanaishi, kutoka tangi la hewa (tangi linalopulizwa hewa ili bakteria wapumue), wakatuachia maji ya kijivu yenye povu jeupe na harufu iliyopanda hadi ghorofa ya pili, kwa sababu bakteria waliobaki hawakutosha kula uchafu unaoingia kila siku. Tangu hapo nimewataka wajaze silinda ya lita 1 kwa maji ya tangi hilo, waiache itulie kwa dakika 30, kisha wasome ujazo wa tope lililotuama. Wiki iliyopita tope la kahawia lilishuka hadi mililita 300 na maji ya juu yakabaki maangavu, kwa hiyo walinyonya kidogo tu. Silinda yenyewe, nisisitize, niliinunua mimi.

Nitaendelea nao, ila mkataba mpya utataja kipimo hicho, pamoja na stakabadhi ya kuonyesha kuwa tope limemwagwa kwenye mabwawa yaliyoruhusiwa.