Programu ya Biblia ya YouVersion kwa Mkristo anayetaka kuukomboa wakati

Zaburi ya 90, ambayo kichwa chake huiita sala ya Musa, inaihesabu miaka ya mwanadamu kuwa sabini, au themanini kwa mwenye nguvu, kisha inamwomba Mungu: “Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima.” Mkristo anayeyachukua maneno hayo kwa uzito hawezi kuikagua programu ya simu kwa kuangalia tu kama ina mwonekano mzuri au kama inafunguka haraka, lazima aulize inazifanyia nini saa zake. Kwa kipimo hicho ninaitathmini programu ya Biblia ya YouVersion, ambayo ninaitumia kila siku. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya vitu vichache ndani ya simu vinavyoweza kumrudishia mtu muda wake badala ya kumnyang’anya, ingawa inategemea sana ni sehemu zipi anazitumia na zipi anaziacha.

Programu hii ilitolewa mwaka 2008, wakati duka la programu za iPhone lilipofunguliwa, na walioitengeneza ni kanisa la Life.Church lenye makao yake Edmond, jimbo la Oklahoma, Marekani. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imesakinishwa mara milioni 500. Haiuzwi na haina matangazo ya biashara. Gharama zake hulipwa na kanisa hilo pamoja na wanaoichangia. Jambo hilo la matangazo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu programu inayoishi kwa matangazo hupata faida kadiri mtu anavyokawia kwenye kioo cha simu, na kwa hiyo hutengenezwa makusudi ili asiondoke. Hapa msomaji akimaliza mlango wake, yaani sura yake ya siku, anaifunga programu na kwenda zake kazini, na hakuna aliyepata hasara.

Kwa msomaji wa Kiswahili, tafsiri ya Union Version imo, ile ambayo wengi wetu tuliikariri mistari yake tangu shule ya Jumapili, na zimo pia tafsiri za Kiswahili chepesi zaidi. Ukiwa na intaneti mara moja unaweza kupakua tafsiri unayoitaka, na baada ya hapo unasoma bila bando. Baadhi ya tafsiri zina sauti, na ni katika sauti ndipo ninapoona faida kubwa kuliko zote. Anayetoka Gongo la Mboto kwenda Posta asubuhi, jijini Dar es Salaam, anaijua foleni ya Barabara ya Nyerere: amesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine unalinda mkoba, na hawezi kufunua kitabu wala kusogeza kioo. Masikio yake ndiyo pekee yaliyo huru. Injili ya Marko ina milango 16, na yote husikika kwa muda usiofika saa mbili. Maana yake ni kwamba mtu huyo, kwa safari za kwenda na kurudi ambazo kwa vyovyote angezitumia kusikiliza kelele za kondakta na redio, anaweza kuisikia Injili nzima kabla juma halijaisha, tena kwa mfululizo, kama ilivyosikiwa na makanisa ya kwanza, ambayo watu wake wengi hawakuwa na nakala ya kusoma. Kinachohitajika ni kukumbuka kwamba sauti hula data kuliko maandishi.

Katika jumuiya yetu yupo bibi ambaye macho yake hayawezi tena maandishi madogo. Mjukuu humwekea Zaburi wakati yeye anachambua mchele kwenye ungo, na mstari ukimgusa husimamisha mkono na kusema, “Rudisha hapo nyuma kidogo, mjukuu wangu.” Kazi ya mchele inachukua muda uleule, lakini saa ile sasa ina mambo mawili ndani yake.

Sehemu ya pili yenye thamani ni mipango ya usomaji. Biblia nzima ina milango 1,189, na anayetaka kuimaliza kwa mwaka anahitaji kusoma mitatu au minne kwa siku. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kinachowashinda wengi ni kukaa asubuhi wakijiuliza wasome wapi, na dakika za utulivu zinaishia katika kufunuafunua. Miongoni mwa mipango iliyomo ni ule wa Robert Murray M’Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliouandaa mwaka 1842 kwa ajili ya washarika wake: milango minne hivi kwa siku, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Alipoueleza, alitaja waziwazi kwamba faida yake mojawapo ni kutopoteza muda katika kuchagua fungu la kusoma. Mwaka uliofuata, 1843, alifariki akiwa na umri wa miaka 29. Siwezi kuufungua mpango huo bila kulikumbuka hilo, kwa kuwa aliyetupangia mwaka mzima hakupewa hata thelathini ya ile sabini ya Musa. Katika YouVersion, hata pale ambapo maelezo ya mpango ni ya Kiingereza, mafungu yenyewe hufunguka katika tafsiri uliyoichagua, na ukichelewa siku kadhaa unaweza kuzisogeza tarehe mbele ili usikimbizane na deni.

Kinyume cha hayo ni kihesabio cha siku za mfululizo. Programu huhesabu ni siku ngapi umeifungua bila kukosa, na hutoa beji za pongezi. Ninaelewa nia yake, na kwa kijana anayeanza huenda kikamsaidia kujenga mazoea. Lakini kufungua si kusoma, na kusoma si kutii. M’Cheyne mwenyewe aliwaonya washarika wake kuhusu hatari za mpango wake: kusoma kwa desturi tu, kujihesabia haki kwa sababu fungu la siku limekwisha, kusoma bila uangalifu, na kuwatwika wengine nira wasiyoiweza. Maonyo hayo yana karibu miaka mia mbili, nayo yanakifaa kihesabio hiki neno kwa neno. Ushauri wangu ni kutokitazama kabisa. Mtu aliyekosa siku moja kwa sababu alikesha na mgonjwa hospitalini hajapoteza chochote ambacho Mungu anakihesabu.

Yapo pia mazingira ambamo Biblia hii inakaa. Iko kwenye simu ileile yenye WhatsApp na video fupi, na ujumbe wa kikundi cha harusi unaweza kutokea juu ya Waefeso 5, palepale Mtume Paulo anapoagiza, “mkiukomboa wakati, kwa maana zamani hizi ni za uovu.” Dawa ipo mkononi: pakua tafsiri mapema, zima data kabla ya kusoma, na kama una Biblia ya karatasi nyumbani, itumie hiyo kwa sala ya asubuhi na uiachie programu saa za safari na za kusubiri, kama benki, zahanati na kituo cha mabasi. Arifa ya kukumbusha kusoma inaweza kupangwa kwa saa unayoitaka. Wengi huiweka alfajiri, lakini mimi naona inafaa zaidi saa ile ambayo mtu anajijua kuwa huipoteza, ambayo kwa wengi wetu ni baada ya chakula cha usiku.

Kwa familia zenye ibada ya nyumbani, na kwa vikundi vya vijana, mpango unaweza kufuatwa pamoja na marafiki, kila mmoja akiandika alichokiona katika fungu la siku. Kwa anayeanza, ninapendekeza asiuchukue mpango wa mwaka mzima hata kidogo. Achukue Injili moja kwa sauti, aimalize njiani, ndipo aamue kama anaiweza milango minne kwa siku.