Mwaka Wangu Aberystwyth: Kusomea Utunzaji wa Nyaraka Katika Mji Mdogo wa Pwani ya Wales

Nilifika Aberystwyth mwezi Septemba 2024 nikitokea Pangani, ambako nilikuwa nimefanya kazi katika masijala ya halmashauri kwa miaka sita. Nilikwenda kwa ruhusa ya masomo ya mwaka mmoja, kusomea shahada ya uzamili ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Tangu nirudi, watumishi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama mji ule unafaa, au kama ningefanya vizuri zaidi kwenda London, ambako Watanzania ni wengi. Jibu langu ni kwamba unafaa sana, nami naupa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ilipotea katika nyumba niliyopanga, kisa ambacho nitakieleza mbele.

Nianze na fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka niliokwenda mimi, mwombaji wa viza anayesoma nje ya London alitakiwa kuonyesha kuwa ana pauni 1,023 kwa kila mwezi hadi miezi tisa, yaani pauni 9,207, na fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kwa London kiwango kilikuwa pauni 1,334 kwa mwezi. Viwango hivyo vilipanda Januari 2025, kwa hiyo asije mtu akaandaa hesabu zake kwa takwimu zangu. Kwa viza ya kozi ya mwaka mmoja nililipa pia pauni 1,164 za huduma ya afya, zote kwa mkupuo na kabla ya kujua kama viza itatoka, na nilifanya kipimo cha kifua kikuu Dar es Salaam. Mdhamini wangu alilipa ada, lakini haya mengine yalitoka mfukoni mwangu na mwa ndugu zangu.

Mji wenyewe upo mwisho wa reli. Kutoka Birmingham treni huchukua saa tatu hivi, na sehemu kubwa ya safari hiyo, baada ya kuvuka Shrewsbury, ni njia moja tu inayotumiwa na treni za kwenda na za kurudi. Mwezi Oktoba, nikiwa bado mgeni, treni mbili ziligongana karibu na Talerddig, mtu mmoja akafariki, na njia ikafungwa kwa siku kadhaa. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimechagua mahali pa mbali kwelikweli. Lakini umbali huo huo ndio uliowafanya watu wa pale kuwa wepesi wa kujuana. Kutoka bandarini, mito ya Rheidol na Ystwyth inapoingia baharini, hadi chini ya kilima cha Constitution upande wa kaskazini, unafika kwa miguu huku ukipita magofu ya ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1277. Wanafunzi wana desturi ya kutembea barabara ya ufukweni hadi mwisho wake na kuupiga teke uzio wa chuma uliopo pale. Nilifanya hivyo karibu kila jioni, mara nyingi nikiwa na wanadarasa wenzangu, na mengi niliyoyaelewa kuhusu kozi yetu niliyaelewa katika matembezi hayo.

Kuhusu masomo, sababu kubwa ya kuuchagua mji huu ni kwamba taaluma yetu ina mizizi pale. Chuo cha ukutubi kilianzishwa Llanbadarn, pembeni mwa mji, mwaka 1964, na baadaye kikawa sehemu ya chuo kikuu, ambacho chenyewe kilifungua milango mwaka 1872 kikiwa na wanafunzi 26 katika jengo la ufukweni lililokusudiwa kuwa hoteli. Juu ya kilima cha Penglais ipo Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoanzishwa kwa hati ya kifalme mwaka 1907. Kwa mtu aliyetoka katika masijala ambayo majalada ya viwanja hufungwa kwa kamba na kupangwa sakafuni, kuingia humo kulinigusa sana. Hata hivyo, somo lililonifaa zaidi halikuhitaji mitambo: rafu zisigusane na ukuta ili hewa ipite, karatasi zisiwekwe sakafuni, jalada lisifungwe kwa pini za chuma zinazoshika kutu, na kila kinachotolewa kiandikwe kwenye daftari kabla ya kuondoka mezani. Hayo yote yanawezekana Pangani, penye hewa ya chumvi na mchwa, bila kusubiri bajeti.

Sikutarajia kwamba jambo litakalonishughulisha zaidi lingekuwa lugha. Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales, kilikuwa kila mahali: kwenye vibao vya barabarani, kwenye matangazo ya stesheni, na katika mazungumzo ya wazee sokoni. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa wanaokizungumza ni asilimia 17.8 ya watu wa Wales, wapatao 538,000, idadi ambayo sisi wa Kiswahili tungeiona ndogo mno. Pamoja na uchache huo, lugha yao ina maktaba ya taifa inayotunza nakala pekee iliyobaki ya kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kiwelisi, cha mwaka 1546. Haki walizo nazo hawakuzipata kwa urahisi. Tarehe 2 Februari 1963, vijana waliketi katika daraja la Trefechan, palepale mjini, wakazuia magari, wakidai miongoni mwa mengine hati za wito wa mahakama zitolewe kwa lugha yao. Nililivuka daraja hilo mara nyingi nikiwaza kwamba nchini kwetu sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote ilipitishwa mwaka 2021 tu, ingawa karibu kila mshtakiwa na kila shahidi alikuwa akikizungumza siku zote. Mwanafunzi wa nyaraka hana budi kujiuliza kumbukumbu anazozitunza zimeandikwa kwa lugha ya nani.

Sasa nyumba. Nilikodi chumba katika nyumba ya watu binafsi kupitia wakala, bila kuiona. Ukuta wa upande wa bahari ulikuwa na unyevu, na kufikia Novemba kuvu jeusi lilikuwa limepanda hadi dirishani, likaharibu begi na koti langu. Nilipolalamika niliambiwa nifungue dirisha. Mwishoni wakataka kukata amana yangu, yaani fedha ya dhamana niliyoitanguliza nilipopanga, kwa madai kwamba kuvu hilo nimelisababisha mimi. Kilichoniokoa ni mazoea ya kazi: nilikuwa na picha zenye tarehe tangu siku ya kwanza na nakala za barua pepe zote. Sheria ya Wales inamtaka mwenye nyumba aiweke amana katika mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30, na mgogoro ukitokea mfuko huo una utaratibu wa kuusuluhisha bila kwenda mahakamani. Washauri wa umoja wa wanafunzi walinisaidia kuandika madai, na amana ikarudi yote. Ushauri wangu ni kukaa mabweni ya chuo muhula wa kwanza, kisha utafute nyumba ukiwa palepale na uguse kuta zake kwa mkono.

Majira ya baridi ni magumu kwa mtu wa kwetu. Mwezi Desemba jua huzama saa kumi na dakika chache alasiri, na upepo wa magharibi hauzoeleki. Ijumaa ya tarehe 6 Desemba simu zetu zote zililia kwa pamoja kutoa onyo la dhoruba Darragh, na usiku ule nilielewa kwa nini nyumba za ufukweni zina kuta nene. Mwavuli haufai kitu. Nunua koti la mvua. Lakini jioni za majira hayo, kabla giza halijaingia, makundi makubwa ya kwezi huzunguka juu ya gati kabla ya kutua chini yake kulala, nami sikuwahi kuchoka kuwatazama.

Barua ya kwanza ya serikali niliyopokea pale ilitoka halmashauri ya Ceredigion, eneo ulipo mji huo, kunisamehe kodi ya halmashauri inayotozwa wakazi wa nyumba, kwa kuwa ni mwanafunzi. Ilikuwa kwa lugha mbili, Kiwelisi kikitangulia. Nimerudi nayo Pangani, nimeifungulia jalada, na vijana wanaoanza kazi masijala huwaonyesha hiyo kabla sijawaonyesha rafu.