TAHADHARI: Anayeuza "samaki waliozoeana" ni tapeli, msimtumie hata senti

Wakuu, nimepigwa. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha asome, maana huenda anayefuata ni yeye.

Namsema yule anayetangaza "seti ya wenza wa sikilidi wakali, wamezoeana, dhamana ya amani" (sikilidi ni jamii ya samaki, jagua na oska wamo humo). Jina silitaji kwa sababu halitawasaidia: akaunti anazibadilisha kila moja ikishanuka. Mtamjua kwa video yake na kwa ulimi wake. Ulimi ule, jamani! Mtu anakuita "bosi wangu" mpaka unajikuta umenyoosha mgongo.

Mzee wangu mnamjua, yule samaki wangu wa jagua, na yaliyompata oska niliyemweka naye mnayakumbuka, sirudii. Tangu hapo jagua yule alibaki peke yake kwenye tangi lote lile, anashinda akigombana na kivuli chake kwenye kioo na kuhamisha kokoto kutoka kona hii kwenda ile. Nilikuwa nataka jike. Jike akikosekana, basi samaki wa kumshughulisha macho, wepesi, wenye umbo lisiloingia mdomoni. Hilo tu.

Sasa kabla hamjaniita mjinga, sikieni jinsi mtu yule anavyoongea. Sikumwendea kichwakichwa. Nilimtega. Nikamwambia nafikiria kumwekea Mzee mbuna wa Ziwa Malawi, rangi zinapendeza. Akanikatalia palepale: "Hapana bosi wangu, hao wanataka maji magumu, pH ya 7.8 kwenda juu, halafu wengi wao ni walaji wa mwani. Ukiwalisha chakula kizito cha jagua watavimba matumbo wafe." Nikamtega tena, nikamuuliza kuhusu kumlisha Mzee samaki wa dhahabu walio hai. Akasema wale wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, achilia mbali magonjwa wanayokuja nayo. Yote kweli! Niambieni nyie, tapeli anayekuzuia usinunue kitu mnamjuaje? Muuzaji gani anakupunguzia hamu?

Na oska aliwakataa pia. Akasema oska ana mwili mkubwa lakini roho yake si ya vita, na jagua, Parachromis managuensis, amemwita kwa jina kamili bila kukwama, asili yake Nikaragua na nchi za jirani, ni mnyang'anyi anayewinda samaki wenzake. Nikaona huyu anajua. Na kweli anajua. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba anajua kila kitu na ametumia ujuzi huo huo kuniibia.

Akanitumia video. Tangi limejaa pomoni: majagua wadogo kwa wakubwa, samaki-kasuku wa rangi ya zambarau, samaki-dola wa fedha, wote wanaogelea pamoja, hakuna anayemgusa mwenzake. "Hawa wamelala chumba kimoja tangu vifaranga," anasema kwenye sauti, huku anacheka kidogo. "Wamezoeana. Nakupa familia, bosi wangu, sikupi samaki."

Kisha ikaja simu ya video. Mtu mwingine ameshika simu, yeye naona mikono tu. Akamchota jike kwa wavu, akamlaza chali juu ya kiganja kilicholowa, akamfunika macho kwa kitambaa chenye maji ili atulie. Kamera ikasogezwa mpaka naona magamba moja moja. Akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na kile kinundu cha uzazi mbele ya pezi la chini, bila hata kukigusa: "Unaona? Cha dume huchongoka. Hiki kipana, butu. Jike huyu." Akamrudisha majini taratibu, akamshikilia mpaka aliposimama sawa. Jinsi alivyomshika samaki yule, nyie, mimi ningemkabidhi mwanangu. Samaki mwenyewe alikuwa amekatika pembe ya juu ya mkia. Nikamuuliza. Akasema ni wavu tu, mkia huota.

Nikatuma pesa yote, kabla ya mzigo. Ndiyo, yote. Alisema akipakia samaki hai hawezi kusubiri benki.

Mzigo ulifika. Nikafungua boksi, mifuko ya oksijeni imefungwa vizuri kabisa, kila mmoja na karatasi yake. Maji ya mifuko yalikuwa baridi mkononi. Akasema ni safari. Jike mkia wake ulikuwa mzima. Nikampigia. Akacheka: "Si nilikwambia huota?" Mapezi ya samaki huota kweli, hilo kila mtu hapa anajua, kwa hiyo nikanyamaza. Nikamwambia ninacho kizuizi cha kioo chenye matundu, nitawatenganisha kwanza waonane wiki kadhaa. Hapo ndipo alipong'aka. "Ukiweka kizuizi unawafundisha uadui! Hao wamezoea kuishi na majagua wakubwa. Mwachie Mzee nyumba iwe moja, zima taa, kalale." Alisema kwa ukali wa mtu anayekuonea huruma. Nikakitoa kizuizi. Nikalaza mifuko juu ya maji joto lilingane, nikawaachia, nikazima taa.

Asubuhi magamba yalikuwa yametapakaa juu ya kokoto, yanang'aa. Samaki-kasuku wameisha wote. Na wale wangejiteteaje? Ni samaki wa kuchanganywa mbegu, mdomo wao haufungiki sawasawa, hawawezi hata kung'ata. Mmoja alikuwa ameelea ubavu ukichunika, na ile zambarau ilikuwa ya kupaka, kwa sababu penye jeraha chini yake palikuwa na rangi nyingine kabisa. Wanawatia rangi, washenzi hawa, halafu wanawauza kwa jagua kama wenza!

Huyo "jike" na Mzee walikuwa wameshikana mataya. Hawaachiani. Wanazunguka polepole katikati ya tangi, mapezi yamesimama wima, mashavu yamefumuka. Nilipoingiza wavu waliachana, na mdomo wa chini wa Mzee ukabaki unaning'inia. Nikamtoa mgeni, nikamgeuza na kumkagua kama nilivyoonyeshwa kwenye simu. Kinundu kimechongoka kama ncha ya kalamu. Dume! Samaki wa kwenye video hakuwahi kupandishwa kwenye lile boksi.

Samaki-dola wa fedha wako salama, wana mbio na miili bapa, hilo niwe mkweli. Na kuna "zawadi" aliyonitupia, kambare mkia-mwekundu wa kidole kimoja, eti "samaki hukua kufuatana na tangi". Kambare yule wa Amazoni hupita mita 1! Namhifadhi kwenye ndoo kubwa, sijui nitampa nani, mwenye bwawa aniambie.

Nikamtumia picha. Majibu yake nayaweka hapa ili mjue yanavyokuja kwa mpangilio: kwanza maji yangu yana amonia, kisha hita yangu mbovu, kisha Mzee wangu ana kichaa cha upweke, kisha eti anaye jike mwingine "aliyetulia zaidi", niongeze pesa kidogo tu. Nilipomtajia ule mkia, alama mbili za bluu, kimya, nimefungiwa.

Mtu huyu hafai kuuziwa hata neti. Afungiwe kila mahali anapotangaza, namba zake zifungwe, waliomshikia simu ile washitakiwe naye. Kuna wanyama wamekufa hapa kwa mateso, si mimi tu niliyepoteza hela. Kama kuna adhabu ya kumlaza mtu usiku mmoja chumba kimoja na aliyemzidi mara kumi, taa imezimwa, apewe hiyo. Nimekasirika na sitaki kuambiwa nipoe.

Mnaouliza ningetambuaje, itazameni video yenyewe, ingawa naandika hivi mkono unatetemeka. Lile tangi halina jiwe, halina gogo, halina hata kokoto. Sikilidi asiyekuwa na pa kulinda hana cha kupigania, na wakibanwa wengi hivyo hakuna anayepata nafasi ya kumwandama mmoja. Wape nafasi na pango uone. Nimeisimamisha video nikaikuza: kwenye kona kuna kipimajoto, kinasoma 20. Jagua anataka 25 kwenda juu. Kwenye 20 anasinzia tu, anapauka, mashavu yanakwenda polepole. Ile amani ni baridi! Na wengi mle ni watoto bado, wana ule mstari mweusi wa ubavuni, hawajafikia umri wa kutaka himaya. Yaani hakuna kuzoeana popote, na hata kungekuwepo, kunaishia pale pale unapomhamishia mmoja kwenye nyumba ya mwingine.

Mengine: anakataa kizuizi. Anataka yote kabla. Anakuonyesha samaki mmoja kwa karibu sana na boksi kwa mbali sana. Mwambieni aandike tarehe kwenye karatasi aiweke mbele ya samaki huyo huyo wakati wa kupakia, mtaona atakavyopata hasira. Yapo mengine lakini sina nguvu.

Jana kaweka tena ile video kwa akaunti mpya yenye picha ya mwanamke. Maneno yale yale, familia sijui nini. Nimeshaandika chini yake, akafuta. Nyie andikeni pia, mmoja mmoja, tuone atafuta mangapi. Mwenye sauti zake au risiti ya malipo asifute, anitumie, nakusanya zote nizipeleke polisi pamoja na picha za mdomo wa Mzee.