Mashimo ya nguzo za uzio Tanga: mashine ipi ununue, na lini usinunue

Kabla hujauliza bei ya mashine yoyote, chukua mtaimbo uende kiwanjani. Chagua sehemu tano kwenye mstari utakaopita uzio, kona zikiwemo, upige mpaka sentimita 60. Mtaimbo ukizama, hata kwa kusuasua, udongo wako unachimbika kwa mashine. Ukigonga jiwe ukaruka kwenye sehemu mbili kati ya hizo tano, pesa ibaki mfukoni: biti ya udongo, yaani ile skrubu kubwa ya chuma inayochimba, haitoboi mwamba, iwe inazungushwa na betri au petroli.

Kwa Tanga kipimo hiki ni cha lazima. Kando ya bahari, Raskazone kwa mfano, udongo ni mwembamba na chini yake kuna matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Maweni, Amboni na Pongwe ni nchi ya mawe ya chokaa, na si bure kiwanda cha saruji ya Simba kikawekwa Pongwe. Ukielekea Muheza unaingia kwenye udongo mwekundu, mzito lakini unaokatika vizuri. Pwani ya kwenda Pangani sehemu nyingi ni mchanga, ambao huchimbika upesi na kubomoka upesi vilevile. Mabondeni na karibu na mikoko kuna mfinyanzi unaong'ang'ania biti. Mwenye shamba Muheza na mwenye kiwanja Raskazone wakiingia duka moja wakatoka na mashine moja, mmoja wao ametupa hela.

Hesabu ya saruji kwanza

Watu hununua mashine kwa ajili ya kasi. Akiba kubwa zaidi iko kwenye upana wa shimo. Kibarua mwenye mtaimbo na chepe anahitaji nafasi ya kuingiza mkono, hivyo shimo lake la sentimita 60 huishia na upana wa 35 hivi. Mashine hutoa 20.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko ni mita 100; ukiweka nguzo kila mita 2.5 unapata mashimo 40. Nguzo ni za zege, sentimita 10 kwa 10. Shimo la upana wa 20 linakula lita 13 za zege baada ya kutoa nafasi ya nguzo. La upana wa 35 linakula lita 52. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), mashimo 40 membamba yanamalizwa na mifuko 3 ya saruji ya kilo 50. Yale mapana yanataka 10. Ongeza mchanga, kokoto na mtu wa kukoroga.

Hata hivyo, kwa kiwanja kimoja tofauti hiyo hailipi mashine. Mashimo 40 wape vibarua wawili, na uwasimamie kwenye upana. Orodha ya mashine inayofuata ni ya fundi anayejenga uzio kila mwezi, na mkulima mwenye mamia ya mashimo mbele yake.

1. Mashine ya betri ya mtu mmoja, daraja la volti 36 au 40

Hii ndiyo chaguo la kwanza kwa udongo mwekundu, kichanga na tifutifu. Sababu iliyo juu ya zote ni gia ya kurudi nyuma. Biti ikinasa kwenye mzizi wa mkorosho, unageuza swichi, inajifungua yenyewe, unaendelea. Mashine nyingi za petroli hazina gia hiyo. Pia hakuna kamba ya kuvuta, na ukiachia kitufe inasimama.

Usichanganywe na volti za kwenye boksi. Betri iliyoandikwa "20V max" ni ile ile ya volti 18, na "40V max" ni ya 36. Maandishi makubwa ni ya betri iliyotoka kwenye chaji sasa hivi. Zidisha volti halisi kwa Ah (ampea-saa, ujazo wa betri) upate nishati kwa Wh (wati-saa). Betri mbili za volti 18 na Ah 5 ni Wh 180. Moja ya volti 36 na Ah 4 ni Wh 144. Namba hiyo ndiyo inayochimba. Idadi ya mashimo kwa chaji inayotajwa kwenye matangazo ni ya udongo laini. Kwa mfinyanzi tegemea nusu yake au chini zaidi. Nunua seti mbili za betri tangu mwanzo, maana kwa seti moja utakaa chini ya mwembe ukisubiri chaja.

Tazama pia upana unaoruhusiwa. Makita DDG460, inayotumia betri mbili za volti 18, imepewa biti ya milimita 200 kwa udongo laini na 150 kwa mfinyanzi, na uwiano huo ni wa kawaida kwa daraja hili. Nguzo ya zege ya 10 kwa 10 ina sentimita 14 kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo shimo la 15 halitaacha nafasi ya zege. Kwenye mfinyanzi tanguliza biti ya 15, kisha panua kwa mtaimbo. Ukilazimisha ya 20 moja kwa moja, mota inapata joto na mashine inajizima. Huo ni ulinzi wake, haijaharibika, iache ipoe.

Dukani kagua mambo manne kabla ya kulipa.

Chaja. Mashine zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani huja na chaja ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua papo hapo. Soma kibandiko: kama hakikuandikwa 220–240 au 100–240, chaja hiyo haifai hapa.

Uzito wa betri. Ya volti 18 na Ah 5 kwa kawaida ina seli kumi ndani na inakaribia gramu 600 au inazidi kidogo. Ukipewa iliyoandikwa Ah 9 nayo ni nyepesi kuliko hiyo, umeshikishwa bandia, na Kariakoo zimejaa. Mashine yenyewe inaweza kuwa halisi na betri ikawa ya uongo.

Kinga ya kurusha. Biti ikikwama ghafla, nguvu yote inahamia kwenye mikono yako. Mashine nzuri ina kihisi kinachokata umeme papo hapo, au mkono mrefu wa chuma unaoegemea mguu au ardhi. Isiyo na hata kimoja iache dukani, kwa sababu inavunja kifundo cha mkono.

Kiungo cha biti. Pima kipenyo cha shina na tundu la pini. Biti nyingi za Kichina zina shina la milimita 20, ilhali kampuni nyingine zina kipimo chao. Ukinunua isiyopatikana hapa, siku biti inapopinda utaagiza kutoka mbali. Chagua yenye meno ya kufungwa kwa bolti. Meno yaliyochomelewa yakiisha, inabidi umtafute fundi wa kuchomelea ayajenge upya.

2. Mashine ya petroli

Shamba likiwa mbali na umeme, au kazi ikiwa ni mashimo mia kwa mkupuo, hii inapanda kuwa chaguo la kwanza. Za Kichina za cc 52 ni rahisi kuliko mashine nzuri ya betri, zinazungusha biti ya sentimita 20 bila kulalamika, na plagi, kabureta na kamba zake fundi wa misumeno anazijua. Kwenye udongo laini zinafika hata 30, lakini hapo ziwe za watu wawili.

Mashine hizi hufa kwa mafuta. Ni injini za kuchanganya oili na petroli, na kila moja ina kipimo chake. Iliyoandikwa 25:1 inataka mililita 40 za oili kwa lita ya petroli. 40:1 inataka 25. 50:1 inataka 20. Oili iwe ya injini za mipigo miwili. Ile ya gari haifai. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika na kushika. Ikizidi, plagi inalowa na moshi unakufukuza kwenye shimo lako mwenyewe. Mchanganyiko uliokaa miezi kadhaa umwage, kwa kuwa unaziba kabureta.

Biti ikinasa, zima injini, chomoa pini, inua injini pembeni, kisha kamata shina kwa spana ya bomba uzungushe kinyume. Usijaribu kuing'oa kwa kuvuta mashine nzima, mgongo hautakusamehe. Mwenye bajeti aitazame STIHL BT 131: cc 36.3, kilo 10 bila biti, na ina breki inayosimamisha biti ikinasa. Bei yake ni ya juu, na tofauti utaiona kwenye viganja jioni.

3. Mtaimbo, koleo pacha na kopo

Koleo pacha ni yale makoleo mawili yaliyoungwa kwa bolti, unayatumbukiza wima, unapanua mikono, yanabana udongo na kuutoa. Shimo linatoka jembamba kama la mashine, karibu sentimita 15 hadi 20. Kwenye mchanga wenye unyevu yanakimbia. Kwenye udongo mkavu mgumu hayaingii mpaka mtaimbo upite kwanza.

Kwa kiwanja kimoja hii ndiyo namba moja. Kwenye mawe ya Amboni au matumbawe ya pwani ni mtaimbo na sururu tu, au nyundo ya umeme ya kuvunjia zege kama kuna jenereta. Na hata ukinunua mashine ya betri, seti hii utaihitaji: mashine huacha udongo uliovurugika chini ya shimo, na ni kopo linaloutoa.

4. Biti ya nyuma ya trekta

Kwa uzio wa kilomita na kuendelea, kodi trekta pamoja na dereva wake. Haiingii kwenye kiwanja chenye miti na vibanda, na kuinunua kwa ajili ya uzio pekee ni kufuja.

5. Drili ya kawaida ya betri na biti ya bustani

Usinunue kwa nguzo. Biti za sentimita 4 hadi 8 ni za kupandia miche. Ukiweka ya 15, gia za drili zinasagika na kichwa chake kinalegea kabla hujamaliza upande mmoja wa uzio.

Ukishanunua

Vuta kamba kati ya kona, weka vigingi. Usiguse mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapima ardhi. Nguzo ya kona ikae ndani yake. Uliza mabomba ya maji yanapita wapi, kwa sababu ya majumbani mara nyingi hayako chini sana na biti huyakata bila wewe kuhisi chochote.

Pasua juu kwa mtaimbo ili ncha isiteleze. Anza gia ya chini, simama miguu ikiwa wazi, acha uzito wa mashine ufanye kazi. Kila sentimita 15 hadi 20 inua biti ikiwa bado inazunguka, udongo umwagike, ndipo urudi. Wanaozamisha moja kwa moja mpaka chini ndio wanaonasa: udongo unajikusanya juu ya mabawa na kugeuka kizibo. Udongo uliotoka usogeze nusu mita, la sivyo unarudi shimoni. Shimo likitoka limeinama, chanzo ni kuegemea mpini mmoja. Linyooshe kwa mtaimbo, maana biti ukiirudisha itafuata njia ile ile.

Mchanga mkavu haupandi kwenye biti. Mwaga lita 5 hadi 10 za maji kila shimo, usubiri yazame. Ukiendelea kubomoka, kata kitako cha ndoo ya lita 20 uizamishe mdomoni mwa shimo kama kola, biti ipite ndani yake. Mfinyanzi wakati wa masika una shida ya upande wa pili: unanata mpaka biti inakuwa gogo. Beba kipande cha ubao wa kukwangulia, au subiri siku chache za jua. Udongo mwekundu wa Muheza ni mzuri zaidi mvua inapokuwa imekatika kidogo, kabla jua halijaugeuza tofali.

Ukigonga kitu kigumu, achia kitufe mara moja. Mzizi chini ya unene wa kidole unaweza kukatwa na meno makali kwa kurudi nyuma na mbele. Mnene zaidi unataka panga au shoka. Jiwe linataka mtaimbo. Likiwa kubwa, sogeza nguzo sentimita 30, waya hautalalamika.

Jioni futa biti, ipake oili, hasa kama unakaa karibu na bahari, ambako chumvi inakula chuma usiku kucha. Betri iliyo moto usiichaji, iache ipoe kivulini, wala usiifungie ndani ya gari juani. Ikiwa hutaitumia kwa mwezi au zaidi, ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji.