Usafi wa mashine ya bia ya pipa Shangani, Mtwara: mipira na koki zimetakata, friza imenitia hasara

Mwenye baa wa Mtwara huhesabu mwaka wake kwa korosho. Minada ikianza mwezi Oktoba na malipo ya wakulima yakiingia, viti havitoshi; lakini kufikia Machi, fedha za msimu zikiwa zimekwisha na mvua zingali zinanyesha, unaweza kukaa kaunta jioni nzima ukauza kreti mbili. Mwaka huu nilitumia ukimya huo kuwaita vijana wawili wanaosafisha vifaa vya baa hapa mjini na Mikindani, tukakubaliana shilingi 320,000 kwa siku mbili, dawa zikiwa zao na maji yakiwa yangu.

Baa yangu ni ndogo, ila ina mashine ya bia ya pipa yenye koki mbili. Mapipa ya lita 30 hukaa stoo, na bia husafiri hadi kaunta kwenye mipira yenye urefu wa hatua kumi hivi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiisafisha mipira hiyo kwa maji ya moto peke yake, kama alivyonielekeza aliyeniuzia mashine. Fundi mkubwa alinieleza, bila kunidharau, kwamba hamira na protini za bia hung'ang'ania ndani ya mpira na kufanya utando ambao maji hayauwezi. Kabla ya kugusa chochote alifungua mlango na dirisha la stoo, kwa kuwa gesi ya kaboni dioksidi inayosukuma bia ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na ikivuja hutuama chini pasipo mtu kujua. Kisha alichanganya kostiki soda, alkali kali ya kusafishia, kwa asilimia 2 katika maji ya uvuguvugu, akaizungusha kwa pampu kwa dakika 15 alizozipima kwenye simu, si kwa kukisia. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai iliyokolea, yakiwa na vipande laini kama ngozi ya maziwa, nami nikashukuru kwamba hapakuwa na mteja wa kuyaona. Alisuuza kwa maji baridi mpaka karatasi ya kupimia alkali ikatoa rangi ileile kwa maji yanayotoka na maji yanayoingia, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Siku ya pili alipitisha asidi, kwa sababu kostiki huondoa utando lakini haiondoi ukoko mgumu wa kalisi unaojijenga polepole. Alihakikisha kwanza kwamba hakuna jiki iliyobaki kwenye ndoo yoyote, maana jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Nilikumbuka ni mara ngapi nimeona dawa za choo zikichanganywa ovyo katika vyoo vya baa zetu, yangu ikiwamo.

Koki zilifunguliwa zote, na ndani yake mlikuwa na ukungu mweusi. Kijana mdogo alimwita mhudumu wangu, akamwambia, "Dada, hii ya pili ifungue wewe, mimi nikiondoka nani atakufungulia?" Mhudumu akaifungua, akaisugua na kuifunga, na tangu siku hiyo hufanya hivyo mwenyewe. Kwangu mimi, somo hilo la dakika 20 lina thamani kuliko nusu ya fedha niliyolipa.

Kwenye friza, hata hivyo, mambo yaliharibika. Mipira ya milango waliisugua vizuri kwa brashi. Lakini upepo wa bahari hapa Shangani huleta chumvi inayokaa pamoja na vumbi kwenye kondensa, yaani bomba lenye mapezi ya alumini linalotoa nje joto la friza, na yule kijana, akitaka kuimaliza kazi haraka, alinyunyizia hapo kostiki iliyobaki. Kostiki hula alumini. Nilipomzuia, mapezi ya kondensa yalikwisha kufifia na kuweka weupe kama wa majivu. Fundi mkubwa aliyasuuza kwa maji mengi, akaniomba radhi kiungwana na kunipunguzia shilingi 40,000, jambo ambalo mafundi wengi niliowahi kuwaita wasingelifanya. Friza ingali inagandisha, ingawa sijui itadumu hadi lini.

Matokeo ya mashine yenyewe nimeyaona kwenye hesabu. Pipa la lita 30 linapaswa kutoa glasi 60 za nusu lita; awali nilikuwa nikipata 50 na ushee, mengine yakiishia povu kwenye trei, kwa sababu uchafu ndani ya mpira huifanya bia itoe gesi kabla haijafika kwenye glasi. Mapipa matatu niliyofungua baada ya usafi yametoa 57, 58 na 57. Fundi ameshauri kostiki ipitishwe kila baada ya siku 14 na asidi kila miezi mitatu, na ndivyo pia chama cha watengenezaji bia cha Marekani kinavyopendekeza.

Nimewaagiza warudi mwishoni mwa Septemba, kabla ya mnada wa kwanza, kwa kazi ya mipira na koki tu. Kondensa nitampa fundi wa majokofu, naye nimemwambia aje na brashi laini na maji matupu.