WITCH wa Zambia: nimerudia albamu zao, anzeni na Lazy Bones!!

Wiki ya tatu hii kwenye simu yangu hakuna kingine zaidi ya WITCH, ile bendi ya Zambia ya miaka ya 70, na kama wewe ni mtu wa rock ya zamani, Hendrix unamjua, Deep Purple unawajua, ila hawa jamaa hujawahi kuwasikia, basi kaa hapa kidogo maana hawa ni majirani zetu kabisa, ukifika Tunduma unavuka tu mpaka uko kwao.

Mimi nimekulia Mbeya. Baba mdogo alikuwa anafanya kazi TAZARA na akirudi safari za Kapiri Mposhi alikuwa anakuja na kanda, nyingine hata hazijaandikwa kitu, na kulikuwa na moja ina gitaa linakwaruza kama mtu anachana bati halafu chini yake kinanda kinalia taratibu, nilikuwa mdogo sana ila ile sauti ilinikaa kichwani miaka yote. Juzi juzi nasikiliza Strange Dream, ngoma ya WITCH, nikasimama katikati ya sebule, ni yenyewe! Nikampigia baba mdogo nikamwekea kwenye simu, akaniambia hao ni kina Jagari, we hukuwajua? Basi ndo nikaanza kuzitafuta albamu zote moja moja.

Jina kwanza. WITCH ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurugu, na mwimbaji ni Emmanuel Chanda, watu wakamwita Jagari kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones, wakaligeuza likawa jina la kwao. Gitaa la solo alishika Chris Mbewe aliyeitwa Kims, John Muma gitaa la pili, besi Gedeon Mulenga, wenyewe walimwita Giddy King, kinanda Paul Mumba na drams Boidi Sinkala. Nayataja majina makusudi kwa sababu ukisoma habari zao siku hizi unakuta Jagari tu, na ni haki yake, ila ukisikiliza kwa makini utaona besi ya Giddy King ndo inayobeba nyumba nzima.

Sasa rock ilifikaje Zambia ikawa kubwa namna ile mpaka ikapewa jina lake, Zamrock? Shaba. Miji ya Copperbelt kama Kitwe, Ndola na Chingola ilikuwa na hela, vijana walikuwa na mishahara ya migodini, kuna klabu na kumbi, santuri za Uingereza na Marekani zinafika, James Brown mwenyewe alikuja kupiga Zambia mwaka 1970. Halafu Rais Kaunda akaagiza redioni asilimia 95 ya muziki uwe wa nyumbani, na Kaunda naye alikuwa mtu wa gitaa, anapiga anaimba, kwa hiyo ghafla bendi zinahitajika na hawa vijana walichokuwa wanakipenda ni fazi na wawa, yaani vile vifaa vya kulifanya gitaa likwaruze au lilie kama mtu anaongea, basi wakapiga hicho hicho kwa mkono wao.

Introduction ndo albamu ya kwanza, mwanzo wa miaka ya 70, na watu wengi huwa wanaelekezwa waanze nayo. Mimi sikubaliani. Sio kwamba mbaya, naipenda sana, ila sauti yake ni chafu kweli, drams zinasikika kama ziko chumba cha pili, na mtu ambaye hajazoea anaweza kuizima baada ya ngoma mbili akasema hii ni bendi ya mtaani inayojifunza. Na kiukweli walikuwa bado wanajifunza, unawasikia wanavyowafuata Stones na Grand Funk Railroad kwa karibu. Kuna Home Town humo, hiyo rudia mara tatu usiku ukiwa peke yako. Kuna Feeling High pia. Uzuri wa Introduction ni kwamba hakuna kilichosafishwa, unasikia vijana sita chumba kimoja na wana haraka.

In the Past ya 1974 nitapita haraka, ni nzuri, Living in the Past inashika kichwani na haitoki, kinanda kimepanda mbele zaidi na waimbaji wametulia. Ila ukisikiliza albamu nzima kuna sehemu inakuwa kama mwendelezo wa ile ya kwanza tu.

Halafu mwaka 1975 inakuja Lazy Bones!! na hapa ndugu zangu naomba tuheshimiane, hii ni moja ya albamu kali za rock zilizowahi kutoka popote, sisemi Afrika, nasema popote. Inafungua na Black Tears, gitaa la Kims linaingia na wawa kama mtu anaongea kwa hasira huku amebana meno, na drams sasa ziko mbele, besi unaisikia tumboni. Motherless Child inakuja ina huzuni nzito lakini mguu hautulii. Tooth Factory, Havoc, October Night, hakuna ya kuruka hata moja. Strange Dream ndo ile ya kanda ya baba mdogo, inakwenda polepole kama ndoto yenyewe, nafasi kati ya noti na noti ni kubwa, na Jagari haimbi kwa nguvu, anaimba kama anayesimulia kitu ambacho bado hajakielewa. Kwa masikio yangu ndo mara ya kwanza hawamfuati mtu yeyote. Fazi ni ya Ulaya na Marekani ila mapigo yale, yale mzunguko mzunguko ya ngoma, hiyo ni ya kwao, huwezi kuyasikia kwenye rekodi ya London ya mwaka ule.

Nimeisikiliza kwa spika ya simu, kwa headphone na kwa redio kubwa ya jirani. Isikilizeni kwa headphone, magitaa mawili yanajibizana na kwenye spika ndogo hilo linapotea kabisa.

Lukombo Vibes ya 1976 ni nyingine kabisa. Hapa wanaanza kuchanganya, rock ipo ila kuna lugha za nyumbani na kuna midundo ya kijijini inaingia, sikiliza Kangalaitoito halafu sikiliza Nasauka, hata kama hujui Kinyanja mwili unaelewa. Wapo mashabiki wa fazi wanaoiona imelainika mno, mimi naona hapa ndo walikuwa wanaelekea kwenye kitu chao hasa, na inaniuma kwamba njia ile haikufika mbali. Including Janet ya 1977 inaendelea hapo hapo, tamu, nyepesi kidogo, nyimbo za lugha za kwao zinanishika kuliko za Kiingereza.

Baada ya hapo Jagari akaondoka bendini, akaenda kusoma Evelyn Hone College kule Lusaka, na bei ya shaba ilikuwa imeshaanguka, nchi ina hali ngumu, jirani Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kuna vita. WITCH waliobaki waligeukia disko, kuna Movin' On na baadaye Kuomboka ya 1984 yenye jina la ile sherehe kubwa ya Walozi ya kuhama maji yakijaa bondeni. Hizo mbili nimezisikiliza mara moja moja, synthesizer nyingi, zinachezeka, ila mimi niliyekuja kutafuta lile gitaa sikulipata.

Na sehemu ngumu ya hadithi hii ni kwamba UKIMWI ulipita kwenye wanamuziki wa Zamrock vibaya sana. Katika wale sita, ilipoingia miaka ya 2000 alikuwa amebaki Jagari peke yake. Kims, Giddy King, Boidi, Mumba, Muma, wote hawapo. Jagari mwenyewe akawa mchimbaji wa vito, anachimba amethisti, na wengi hawakujua huyu mzee ni nani. Kila nikifika Lazy Bones!! nakumbuka kwamba mikono yote ile inayopiga imeshazikwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeishi kuona watu wa mbali wanagombania santuri zao kwa bei za kutisha.

Maana zilikuja kutafutwa kweli. Mwaka 2012 lebo ya Now-Again ya Marekani ikazikusanya ikazitoa upya, na kazi waliyoifanya ni nzuri, sauti imesafishwa bila kuuliwa, kuna picha na maelezo marefu. Shida yangu ni bei, ukiagiza santuri kutoka nje na ushuru juu yake unaweza kulia, kwa hiyo wengi wetu tutabaki kwenye mtandao tu. Mwaka 2019 ikatoka filamu ya Gio Arlotta kuhusu wao, na Jagari akarudi jukwaani na wazungu vijana nyuma yake, akazunguka Ulaya na umri ule.

Halafu 2023 wakatoa albamu mpya, Zango, neno la Kikaonde, mahali pa kukutana. Nilikuwa na wasiwasi, bendi inarudi baada ya miaka karibu 40 na mtu mmoja tu wa ile safu ya mwanzo, mara nyingi inakuwa aibu. Hii sio. Imerekodiwa Lusaka, Patrick Mwondela wa enzi za disko yupo kwenye kinanda, na rapa Sampa the Great ameingia, na huyu binti mjomba wake George Kunda alikuwa kati ya walioianzisha WITCH, kwa hiyo sio kolabo ya kutafuta jina, ni mtoto amerudi nyumbani. Sogolo ya 2025 bado naizoea, jina maana yake ni mbeleni, huko tunakokwenda.

Kama mnataka kuona urithi umefika wapi, rapa wa Marekani Tyler, the Creator kwenye wimbo wake NOID wa 2024 ametumia ngoma ya Ngozi Family, Zamrock hao hao, Paul Ngozi anaimba Nizakupanga Ngozi na mamilioni ya watoto wa Marekani wanaimba naye Kinyanja. Na Musi-O-Tunya, bendi nyingine ya kizazi kile, walikuja kukaa Nairobi wakarekodi huko huko, kwa hiyo muziki huu ulipita mlangoni kwetu. Hao ndo nawafuata wiki ijayo.

Kwa WITCH mpangilio wangu ni huu, Lazy Bones!! kwanza, halafu Lukombo Vibes, ukishaipenda sauti ya Jagari ndo urudi Introduction, hapo utaisamehe ule uchafu wote. Baba mdogo yeye kasema Lazy Bones!! tu inamtosha, na anaitaka kwenye flashi kabla ya Jumapili.