Paterson au Hay: Kupima Uzito wa Kazi kwa Ajili ya Mshahara

Mfumo wa Paterson, ambao Tume ya Mishahara na Marupurupu ya Kenya imeutumia kupanga kazi za umma, huangalia hasa uzito wa maamuzi, na kuzigawa kazi zote katika makundi 6, kuanzia A hadi F. Mfumo wa Hay hutoa pointi kwa maarifa, utatuzi wa matatizo na uwajibikaji, kisha jumla yake huamua daraja. Paterson ni rahisi kuwaeleza wafanyakazi. Hata hivyo, kazi ya fundi inayodai ujuzi adimu lakini yenye maamuzi machache huweza kushushwa isivyostahili, kasoro ambayo Hay huipunguza, ingawa kwa vikao virefu vya kamati. Kwa hospitali yenye wataalamu wengi, ningechagua Hay.